Nukta Tano kwa Sekunde

9 Januari

Mwanangu Mkaguzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba na umevaa soksi. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linajifanya kutabiri mvua, na kila mara linakosea. Shangazi yako anakusalimu sana. Anasema umekonda kwenye ile picha. Nimemwambia ulipigwa ukiwa umesimama upande, lakini unamjua shangazi yako, akishaamua mtu amekonda basi amekonda.

Saa unaitia ufunguo? Kila asubuhi, kwa mkono wako mwenyewe, mizunguko ishirini mpaka ikatae. Na usinijibu "ndiyo baba" tu kama mtu anayefukuza nzi. Niambie kama kile kifungo cha pembeni kinazunguka vizuri au kinakushinda.

Dukani kazi ipo, ingawa watu wengi wanaleta saa za betri. Mtu anakuja na saa imekufa, nafungua, nabadilisha betri, nafunga, anaona mimi mganga. Haya ndiyo maisha ya fundi saa uzeeni. Juzi mteja mmoja aliniuliza binti yangu anafanya kazi gani huko aliko. Nikasema anapima misuli. Akauliza, kwa futi au kwa kilo? Mshonaji wa duka la pili alikuwepo, akanicheka mpaka akajichoma sindano.

Kwa hiyo niandikie vizuri, unafanya nini hasa. Najua ungeweza kunieleza kwenye simu, lakini simu ni ya kuulizana hali. Tangu uko shule ya bweni mambo ya maana tumeandikiana, na barua zako zote ninazo kwenye mkebe wa spea.

Wako,
Baba


28 Januari

Shikamoo baba,

Mimi mzima, nimeshiba, soksi nimevaa. Mwambie shangazi nimenenepa, atafurahi hata asipoamini. Pole na goti. Tafadhali liangaliwe na mtu mwenye cheti, si mshonaji.

Saa naitia ufunguo kila asubuhi kabla sijapiga mswaki, mizunguko ishirini, na kifungo kinazunguka vizuri. Siivui ila nikienda kuoga, kama ulivyoniagiza. Inachelewa dakika mbili kwa siku, lakini hiyo ni tabia yake tangu ikiwa mkononi kwa mama. Baba, kila barua unaniuliza hilo hilo. Ningekuwa nimeipoteza ningekuwa nimeshatoroka nchi.

Haya, kazi. Msuli wako haufanyi kazi kama kitu kimoja. Kutoka kwenye uti wa mgongo zinakuja neva nyingi, na kila neva ina nyuzi zake za msuli inazoziamuru. Neva ikipiga, nyuzi zake zote zinavuta kwa pamoja. Neva moja na nyuzi zake sisi tunaita kikosi. Kidole chako gumba peke yake kina vikosi zaidi ya mia. Zamani, ili usikie kikosi kimoja kimoja, ilikuwa lazima umchome mtu sindano ndani ya msuli. Mama alichomwa hivyo, nakumbuka alirudi na plasta nane mkononi, akasema hakuumia, na wewe ukatoka nje.

Sisi hatuchomi. Tunabandika juu ya ngozi kikaratasi cha kunata chenye vitufe sitini na vinne vidogo kama vichwa vya pini. Vyote vinasikiliza kwa pamoja, halafu kompyuta inachambua ule mchanganyiko, inasema hili pigo ni la kikosi hiki, lile ni la kikosi kile. Mtu anabana kipande cha chuma kati ya kidole gumba na cha shahada, anashikilia nguvu ile ile kwa dakika mbili, huku anaangalia mstari kwenye kioo cha kompyuta, usipande wala usishuke. Kwa nje unamwona ametulia tuli. Ndani, wengine wanachoka, wengine wanaingia kuwasaidia, zamu zinabadilishana, na mwenyewe hana habari.

Kazi yangu mimi ni kuandaa watu, kubandika, kusimamia. Ukutani kuna tangazo ambalo nalisoma kwa sauti kwa kila anayeingia: vua saa, vua pete na bangili, simu iache nje. Wiki iliyopita alikuja mwashi mmoja, mikono kama matofali yenyewe. Dakika mbili zilipokwisha nikamwambia achia, akasema hapana, bado anaweza. Alibana dakika sita, bosi wetu akaja kumbembeleza. Nimekuwekea utepe wa karatasi wa mapigo yake humu kwenye bahasha, wa mwanzo, kabla hajaanza ushindani. Kila mstari ni kikosi kimoja na kila nukta ni pigo moja. Chini ni sekunde.

Jumatatu nahamia chumba cha nyuma. Imekuja mashine mpya, na kabla ya kuleta watu lazima nijipime mwenyewe kwa wiki kadhaa. Ndiyo desturi ya hapa, aliyekuja mwisho ndiye anayetoa mkono wake kwanza. Bosi ni mama mfupi anayetembea haraka, na hachoki kuniambia nimuulize nisichokijua.

Mwanao,
Mkaguzi


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya chumba kipya. Huku wote wazima. Goti nimelinyamazisha kwa kutolijali.

Utepe umefika na nimeubandika juu ya meza ya kazi. Nimekaa nao siku tatu na lenzi yangu jichoni. Wateja wanadhani nimeletewa saa ya rais. Sasa sikiliza. Wewe unaijua mashine yangu ya kupimia mwendo, ile inayosikiliza saa na kutoa utepe wa karatasi wenye nukta. Saa isiyo na ubovu inanipa nukta zenye nafasi sawa, mstari umenyooka kama uzi. Huyu mwashi wako, nimepima mstari wake wa tatu, hakuna hata nukta mbili zilizofuatana kwa nafasi sawasawa. Moja inawahi, moja inachelewa, moja inafikiria kwanza. Angekuwa saa ningemrudishia mwenyewe nimwambie anunue nyingine.

Nikajiuliza, huyu mtu ni mgonjwa? Nikakupigia simu, ukumbuke, ukacheka, ukasema baba, huo ndio uzima, mwili haupigi kama mashine. Nimelifikiria sana hilo. Miaka thelathini na tisa nimekuwa nikirekebisha kila kitu kinachochelewa au kuwahi, na kumbe mkono unaorekebisha wenyewe hauna hata pigo moja lililonyooka. Mshonaji anasema ndiyo maana bei zangu hazieleweki.

Saa unaitia ufunguo? Najua, najua. Nijibu hivyo hivyo.

Baba yako


20 Machi

Mwanangu Mkaguzi,

Hujambo? Nauliza kweli, siulizi kwa desturi.

Wiki tano sijapata barua. Nikipiga simu unapokea, unasema "mzima baba, kazi nyingi baba", halafu kuna mtu anakuita. Kila siku kuna mtu anakuita. Huyo mtu ana sauti gani hata mimi simsikii? Nimekulea peke yangu tangu una miaka kumi na tatu, najua ukisema uongo unaongea haraka na unamalizia kila sentensi na "baba".

Kama nimekukosea, sema. Kama ni kijana, sema, nitakasirika siku mbili kisha nitauliza anafanya kazi gani. Kama umefukuzwa, rudi, kiti chako kipo dukani na bisibisi ndogo zinasubiri macho ya kijana.

Na hili nijibu hata kama mengine hutaki: saa unaitia ufunguo mwenyewe? Kwa vidole vyako? Kifungo hakijakaza?

Shangazi yako hajui kwamba nina wasiwasi. Nimemwambia umeandika, unamsalimu. Usinifanye niendelee kusema uongo, sina kipaji.

Baba yako


2 Aprili

Shikamoo baba,

Nisamehe. Hukunikosea, si kijana, sijafukuzwa. Saa naitia ufunguo mwenyewe na kifungo hakijakaza. Hakuna mtu aliyekuwa ananiita.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Naandika moja kwa moja sasa. Naogopa nina ugonjwa wa mama.

Siku mbili baada ya kupata barua yako ya Februari, nilijipima kama kawaida kwenye chumba cha nyuma. Napima mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia unaendesha kompyuta. Nilibandika vitufe kwenye mnofu wa chini ya kidole gumba, nyaya nikazibana kwenye kifundo cha mkono zisining'inie, nikashika chuma, nikashikilia dakika mbili. Vikosi vikaonekana vizuri, kumi na moja. Muda ulipokwisha nikalegeza mkono, nikauweka juu ya mto, nikasubiri. Kwenye kioo vikosi vikanyamaza kimoja baada ya kingine, kama inavyotakiwa. Kumi vikanyamaza. Kimoja hakikunyamaza.

Baba, mkono ulikuwa umelala kabisa, na kile kikosi kikaendelea kupiga. Dakika moja, mbili, tano. Nilipoirudia rekodi ya zile dakika mbili nikaona kilikuwepo tangu mwanzo, chini ya vingine. Unajua hiyo inaweza kumaanisha nini. Neva ikianza kuharibika inaweza kupiga yenyewe, bila kuamriwa. Nakumbuka mkono wa mama, nyama zilivyokuwa zinachezacheza chini ya ngozi ameulaza kwenye kochi, na mimi nilidhani ananichezea, nikawa naziwinda kwa kidole. Mwaka mmoja baadaye hakuweza kushika kijiko.

Nimejipima mara tisa. Mara tisa kipo.

Sijamwambia bosi. Najua ni ujinga. Anapita mlangoni kila siku anauliza mashine inaendeleaje, namwambia inaendelea vizuri. Nikimwonyesha ataangalia, na akishaangalia litakuwa jambo la kweli, lina jina na lina faili. Mpaka sasa ni langu mimi na hiki chumba. Nafika kazini, nabandika, naangalia, nabandua, nafuta. Usiku silali vizuri na mchana nazitazama chupa kabla sijazifungua, kama nitaweza.

Nimekuwekea utepe wa mkono wangu uliolala. Sijui kwa nini nakutumia, labda kwa sababu tangu nikiwa mdogo kitu kikiniharibikia nakuletea wewe mezani.

Na nina swali moja. Kwa mama ilianzaje? Siku zote umesema ilikuwa ghafla. Sasa niambie kweli, ni kitu gani kilikuwa cha kwanza.

Mwanao


9 Aprili, saa tano asubuhi, kwa simu

Mwanangu. Barua imefika sasa hivi. Nimekaa chini. Nakupigia hupokei, nadhani uko kazini simu imeachwa nje kama tangazo lenu linavyosema. Barua ya karatasi itachukua siku nane kwa hiyo naandika humu kwa kidole kimoja. Usijipime tena leo. Usiende popote. Nimefunga duka. Nipe masaa machache na lenzi yangu.


9 Aprili, saa nane na nusu mchana, kwa simu

Mwanangu Mkaguzi,

Soma taratibu, mimi nimeandika taratibu.

Nililia kwanza. Nakuambia ili usije ukasikia kwa mshonaji, maana aliniona. Kisha nikanawa uso nikauweka utepe wako mezani chini ya taa.

Nimehesabu. Sekunde thelathini. Nukta mia na hamsini. Si mia na arobaini na tisa, si mia na hamsini na moja. Nukta tano kwa kila sekunde, hakuna sekunde yenye nne wala yenye sita. Nikauteremsha utepe wa mwashi ukutani nikauweka pembeni. Yule anawahi, anachelewa, anafikiria. Ulisema mwenyewe ndio uzima. Sasa huyu wako hafikirii. Sijui habari za neva, sikusoma, lakini neva hata ikiwa mgonjwa ni kitu cha mwilini. Sidhani kuna kitu cha mwilini kinachoweza kupiga mia na hamsini juu ya alama.

Tano kwa sekunde nazijua mimi. Ndiyo mapigo ya saa za mkono za zamani, zile za kutiwa ufunguo. Nimezisikiliza tangu sijaoa.

Nikapima nafasi kati ya nukta na nukta. Si sawa zote. Ndefu, fupi. Ndefu, fupi. Mpaka mwisho wa karatasi hivyo hivyo. Sisi mafundi tunasema saa inachechemea. Tiki yake na taki yake hazilingani. Kila saa inayochechemea ina kuchechemea kwake.

Nikafungua mkebe wa spea. Chini ya barua zako nina utepe wa miaka kumi na saba iliyopita, wa saa moja niliyotaka kuinyoosha mwendo, mwenyewe akanikataza. Alisema, "Iache hivyo hivyo, ndivyo ninavyoijua hata nikiwa nimefumba macho." Nimeziweka karatasi mbili pamoja. Ndefu, fupi. Ni huyo huyo.

Mwanangu, wakati unajipima, saa ya mama yako ilikuwa wapi?


9 Aprili, saa kumi jioni, kwa simu

Mkononi, baba. Mkono wa kushoto. Na nyaya nilikuwa nazibana chini ya mkanda wake.

Naenda chumba cha nyuma sasa hivi.


9 Aprili, saa kumi na moja kasorobo jioni, kwa simu

Nimeivua. Nimeiacha kwenye droo ya ofisi nyingine kabisa. Nimeshikilia dakika mbili nikaachia.

Vikosi kumi. Vyote kumi vimenyamaza.

Nimekaa sakafuni. Niko sawa. Nitakuandikia barua vizuri.


14 Aprili

Shikamoo baba yangu,

Natumaini mzima, na shangazi mzima, na mshonaji asante yake kwa kutokusema chochote kwa watu zaidi ya kumi. Mimi mzima. Naliandika neno hili polepole ili nilifurahie.

Nilijipima mara tisa nikiwa na hofu, kwa hiyo nimejipima mara tisa bila saa. Kimya. Mara ya kumi nikaivaa tena na kuzibana nyaya chini ya mkanda, nukta zikarudi, ndefu na fupi. Mara ya kumi na moja nikaivaa lakini nyaya nikaziacha nje, nukta zikapotea. Tiki ya saa ilikuwa inazitikisa nyaya kidogo sana, mtikisiko ambao mtu hawezi kuuona wala kuusikia, na mashine ile mpya inasikia kila kitu. Kompyuta ikaona kitu kinachorudia rudia, ikadhani ni kikosi. Na mimi ninayewavua watu saa kila siku, ninayewasomea tangazo kwa sauti, sikuwahi kujisomea mwenyewe. Sikumbuki tena kwamba nimeivaa, baba. Ni kama nimezaliwa nayo.

Asubuhi yake nikaenda kwa bosi nikamweleza yote tangu mwanzo. Nilitegemea atanifokea. Akachukua utepe, akauangalia kwa muda mfupi tu, akasema, "Ungekuja siku ile ile, tungemaliza kabla chai haijapoa." Kisha akauliza nani aligundua. Nikasema baba yangu, fundi saa. Akauliza kama unatafuta kazi.

Hakuishia hapo. Alinipeleka kwa daktari wa neva siku hiyo hiyo. Daktari alinigonga magoti, akanisukuma mikono na kuniambia nisukume, akaniangalia ulimi, akanitembeza kwa visigino. Akasema hakuna anachokiona. Nikamweleza habari za mama, akaniuliza kama kuna mwingine kwetu aliyeumwa hivyo, nikasema hakuna. Akasema kwa walio wengi ugonjwa huo haurithiwi, nisiishi nikijiwinda. Nilipotoka pale nilinunua maandazi mawili nikayala yote nimesimama barabarani.

Kwenye tangazo la ukutani bosi ameongeza mstari kwa kalamu: "Na wewe unayepima pia." Wenzangu sasa hawaniiti jina langu, wananiita Tiki.

Nimelala siku tatu mfululizo kama mtoto. Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Lakini baba, kuna swali langu hukulijibu. Kwa mama ilianzaje? Siulizi kwa hofu tena. Nataka tu kujua.

Mwanao mzima,
Mkaguzi


1 Mei

Mwanangu Mkaguzi,

Marahaba, marahaba mara tatu. Huku ni wazima wote. Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, mshonaji aliniomba. Ile sehemu ya maandazi aliomba nirudie. Goti limepona lenyewe, sielewi, labda lilikuwa linakusubiri wewe.

Mwambie bosi wako namshukuru na kazi ninayo.

Sasa swali lako. Nilisema ghafla kwa sababu ghafla ni neno fupi. Haikuwa ghafla. Ilianza na saa hiyo.

Mama yako alikuwa akiitia ufunguo asubuhi akiwa amesimama dirishani. Siku moja akaniambia, "Kifungo kimekaza." Nikaichukua, nikaifungua, nikaisafisha, nikatia mafuta. Sikuona kasoro. Nikamrudishia. Baada ya wiki mbili akasema bado kimekaza. Nikafungua tena. Nikabadilisha kifungo kizima, nikaweka kipana zaidi. Nikakijaribu mimi mwenyewe, kinazunguka kama siagi. Nikamwambia labda unakivuta vibaya. Akajaribu mbele yangu, akashindwa, akacheka, akanipa nimtilie. Nikamtilia. Nikawa namtilia kila asubuhi, na kila Jumapili naifungua kutafuta ubovu.

Miezi mitatu nimetengeneza saa, mwanangu. Miezi mitatu fundi nina lenzi jichoni, naangalia meno ya gurudumu dogo kuliko punje ya mtama, na vidole vya mke wangu viko mbele yangu mezani sivioni. Ni shangazi yako aliyesema, mbona mnofu wa kidole gumba chake umeingia ndani.

Ndiyo maana nilikupa saa hiyo. Nilikuambia ni kumbukumbu, na ni kumbukumbu kweli, lakini nilikupa pia ili kila asubuhi vidole vyako viwili vibane kile kifungo na kukizungusha, na kila barua uniambie kama kinazunguka. Miaka sita nakuuliza. Ulidhani naipenda saa. Nikifungua bahasha yako nilikuwa natafuta mstari huo kwanza, nikiuona ndipo navuta pumzi na kuanza kusoma salamu.

Sikutaka ujue, kwa sababu sikutaka uogope. Kumbe uliogopa peke yako wiki tano, na mimi miaka sita, kila mtu na chumba chake. Tusifanye hivyo tena.

Daktari wako amekugonga magoti na kukutembeza kwa visigino. Namwamini zaidi ya kifungo. Kuanzia barua hii sitauliza tena.

Unisalimie wenzako wote, na usivuke barabara ukiwa unakula.

Baba yako


12 Mei

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako halijabadilisha mawazo. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilimuuliza bosi, nikaenda pia kumuuliza yule daktari wa neva, kila mmoja peke yake, nikiwa sijawaambia jibu ninalolitaka. Wamesema kitu kimoja. Hata ungeujua ule ugonjwa asubuhi ya kwanza pale dirishani, mama asingepona. Hiyo miezi mitatu hukumnyang'anya chochote. Alikuwa na mume anayemtilia saa ufunguo kila siku na kumtafutia ubovu kila Jumapili. Mimi nimemkumbuka akicheka, sikumkumbuka akilalamika. Basi litue hilo, baba. Liweke chini.

Kazini saa naiacha kwenye droo. Jioni naivaa naenda nayo nyumbani, inachelewa dakika mbili zake.

Umesema hutauliza tena, na kweli nimeitafuta ile sentensi kwenye barua yako sikuiona. Nimeona pengo lake. Kwa hiyo nakuambia bila kuulizwa: leo asubuhi, kabla sijapiga mswaki, kidole gumba na cha shahada, mizunguko ishirini mpaka ikakataa. Kifungo kinazunguka vizuri.

Mwanao,
Mkaguzi